Siku Mama Mkubwa Alipogeuzwa Mchawi wa Ziwa

Jamani, mkinikuta sokoni Rumonge nimejifunika mtandio mpaka puani msidhani dini imezidi, ni aibu, na leo nawasimulia mwenyewe kabla hamjasikia kwa wale wa kuongeza chumvi (ingawa hii, wallahi, haihitaji chumvi).

Mimi huandika hadithi za mambo ambayo hayajawahi kuwa. Niliandika ya wavuvi wa Gatete waliounda chombo cha kwenda angani kinachotumia mawese, nikaituma kwa wachapishaji fulani wa Ulaya waliokuwa wakikusanya kitabu cha hadithi za namna hiyo kutoka nchi zisizosikika, maana walisema wamechoka kuchapisha watu wa aina moja. Wakaipenda! Burundi nzima kitabuni humo ilikuwa mimi peke yangu. Ila mhariri akaniandikia kwa upole kwamba vyombo vya angani vimejaa tele, wasomaji wangependa kitu cha kwetu hasa, mizimu kwa mfano, au mama mmoja anayezungumza na ziwa. Sisi Waswahili wa Rumonge, nani kati yetu anazungumza na ziwa? Lakini niliogopa kuachwa, nikasema sawa, mama atapatikana.

Hapo ndipo uvivu uliponiponza. Badala ya kubuni mama, nikamchukua Mama mkubwa, dada wa marehemu mama yangu, aliyenilea kwa pesa za kuuza mawese, nikamtia mzima mzima katika hadithi ile ile ya wavuvi, na jino lake la dhahabu na kopo lake la bluu la kupimia mafuta, halafu nikamfanya amimine mafuta ziwani akiita wafu. (Nilijiambia, kitabu cha Kizungu, nani atakisoma huku?)

Kitabu kilipotoka wakataka kukizindua kwa video, kila mwandishi akiwa kwao na watu wake. Sasa nyie mnajua kwetu, ukisema una shughuli, shughuli haiwi yako tena. Mama mkubwa na wenzake wa chama cha akina mama wa sokoni wakashona sare za kitenge, wakapika pilau, wakakodi ukumbi na sono ya harusi yenye spika kubwa kuliko mimi, sheikh akaalikwa afungue kwa dua, na binamu yangu Hamisi, aliyesoma Kiingereza Tanzania ukimbizini kabla kwao hawajarudi, akapewa mikro atafsiri. Mimi nilipanga nisome ukurasa wa chombo, wapige vigelegele, tule, tutawanyike.

Projekta ikawashwa, uso wa mhariri ukajaa ukuta mzima, akatabasamu, akasema maneno mengi, na Hamisi kwa furaha yake akatafsiri bila kufikiri: "Anasema murakoze, asante sana, na kitu kimemugusa kuliko vyote ni ule mama wa kuita wafu, mwenye kuuza mawese mu soko ya Rumonge, mwenye jino ya zahabu na kopo ya bulu..."

Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Mama mkubwa. Hakuna aliyecheka, angecheka hata mmoja ningepona.

Akasimama na sare yake mpya, akaenda mpaka mbele ya kamera. "Hamisi, mwambie huyu muzungu, mimi ni muisilamu. Mafuta yangu iko sokoni, kila mutu anayaona. Wafu siwaiti mimi. Nani alimwambia?"

Hamisi akaweka mikro mezani bila kutafsiri. Kule Ulaya watu waliokuwa ukumbini na mhariri, wasioelewa hata neno, wakasimama kumpigia makofi wakidhani ndio usomaji wenyewe, na mhariri akafuta machozi. Nikakurupuka kuzima kompyuta, nikavuta waya usio wake, taa na picha vikazimika (madirisha tulikuwa tumeyaziba kwa mapazia), tukabaki gizani na makofi bado yananguruma kwenye sono, iliyokuwa na jenereta yake.

Hakuna aliyemtukana Mama mkubwa. Wateja walianza tu kupitiliza mpaka kibanda cha pili, na wenzake wa chama wakasahau kumwita. Nikaenda kumweleza sheikh, nikaeleza sokoni, nikaeleza mpaka Kizuka wanakokamua mafuta, na kila nilipoeleza, ambao hawakuwa wamesikia wakasikia. Mwishowe akafunga kibanda akahamia Nyanza-Lac kwa binti yake. Nilipompigia magoti hakunifokea, afadhali angefoka.

"Ulikuwa unataka watu wa mbali wakujue, mutoto wangu," alisema. "Sasa wamenijua mimi."

Juzi mhariri kaniandikia tena. Anataka hadithi nyingine ya mama yule yule, kwa sababu bado hawajapata mwandishi mwingine kutoka Burundi. Nimekataa, na nimeapa sitamtoa tena mtu wa nyumbani kwangu ili wageni wafurahi. Basi kitabu kijacho kitatoka bila mtu wa kwetu hata mmoja, na ya wavuvi wangu na chombo chao hakuna aliyeiulizia. Mawese siku hizi nanunua kwa mama mwingine, na nikimlipa simtazami usoni, nisije nikaona kitu cha kuandika.