Kunguru wa Mtaa wa Klabu ya Mashua

Katika mtaa wa Klabu ya Mashua, pale Chennai, mto Adyar hutazamwa kwa bei ghali na kupitia madirisha yaliyofungwa. Wakazi wa jengo la Mandakini walinunua mandhari ya mto, na mandhari wakayapata kweli; harufu waliongezewa bure. Mgeni akija, pazia hufunuliwa upana wa kiganja, akaambiwa, "Ule pale ndio mto wetu," kisha pazia likarudishwa upesi kabla mto haujajitambulisha zaidi.

Mama Kanakavalli alikaa ghorofa ya tatu, mahali ambapo zamani palikuwa hewa tupu juu ya paa la vigae la nyumba yake mwenyewe. Katika nyumba ile aliingia akiwa bibi harusi. Nayo ilikuwa ya baba mkwe wake, yenye kisima na mfenesi. Watoto walipohamia Marekani na vigae vikaanza kuvuja, alikuja mjenzi mmoja mwenye ulimi wa asali, akaahidi kuivunja na kuwapa makao katika jengo jipya. Mama alimwuliza mumewe, naye mumewe akajibu, "Fanya utakavyo." Mke yeyote anajua kuwa jibu hilo si ruhusa. Lakini Mama alifanya alivyotaka. Wakahamia juu, na kabla ya mvua za mwaka kwisha mume akafariki, bila kusema neno juu ya nyumba.

Sasa ilikuwa siku ya giza la mwezi, ya kwanza tangu msiba kwisha, siku ambayo wafu hulishwa. Mjumbe wao ni kunguru. Yeye asipoonja wali, nyumbani hakuna anayekula. Na akikataa kabisa, watu hawasemi kunguru ameshiba, husema marehemu ana kinyongo. Kinyongo cha nini, Mama hakuhitaji kuambiwa.

Alipika tangu alfajiri: wali, dengu, ndizi mbichi, maziwa matamu ya mchele. Akapakua sehemu ya kunguru juu ya jani la mgomba, akapanda darini, kwenye paa bapa la jengo.

"Kaa! Kaa!" aliita kwa mlio wa kunguru.

Hakuwa peke yake. Dari nzima ilijaa watu waliovaa hariri, kila mmoja na jani lake, wote wakililia anga: mke wa jaji mstaafu, daktari wa meno, na Bwana Badrinarayanan, katibu wa chama cha wakazi. Anga haikujibu. Miezi michache nyuma, katibu huyo alikuwa ameagiza kutoka ng'ambo mashine inayolia kama mwewe, ili kunguru wasichafue magari. Ilifanya kazi kwa bidii ambayo haijapata kuonekana katika kitu chochote kilichonunuliwa na chama. Bibi wawili wa ghorofa ya tano, waliposikia mlio, walikuwa wakikutanisha viganja kwa heshima wakidhani ni tai wa mungu Vishnu anapita.

"Mama Kanakavalli, ita wewe," alisema katibu. "Wewe ndiwe mwenyeji hapa, watakutambua."

"Bwana Katibu, si wewe uliyewafukuza?"

"Niliwafukuza kwa ajili ya magari. Sikuwafukuza kwa leo!"

"Basi ungewaambia."

"Mashine nimeizima tangu jana."

"Na wao wamejuaje?" alidakia mke wa jaji. "Umewapigia simu? Baba mkwe wangu alikuwa mkali hata alipokuwa hai, na leo umemnyima chakula. Akija usiku, nitamwelekeza kwako."

Wengine walikuwa na mashine ya kulaumu. Mama hakuwa nayo. Aliona moyoni kuwa mume aliyeridhika angekuja tu, mwewe awepo au asiwepo. Akafunika jani, akashuka, akapitia kwake kutia chakula chake mwenyewe ndani ya chombo, akatoka langoni kuelekea darajani, ambako kunguru hawajawahi kuadimika.

Hapo chini ya daraja, katika kibanda, aliishi Kanniyamma, muuza maua wa langoni kwao.

"Karibu, Mama! Na hao nyuma yako je? Leo matajiri ndio wanaokuja kuomba kwetu?"

Mama aligeuka. Jengo zima lilikuwa limemfuata. Wengine walikuja kwa gari, ingawa daraja lenyewe ni mwendo wa kurusha jiwe.

Aliweka jani juu ya ukuta. Hata kabla hajaondoa mkono, kunguru alitua, akala. Machozi yakamtoka. Kisha akamwona kunguru yule yule akirukia jani la katibu, la daktari, na mwishowe panya mfu, bila kupunguza hamu.

"Kanni," alisema kwa sauti ya chini, "hawa wanakula kila kitu. Nitajuaje kuwa amenisamehe?"

"Akusamehe nini?"

"Nyumba. Aliichukia ile ghorofa. Kila jioni alikuwa akitoka."

Kanniyamma aliangua kicheko. "Mzee? Alikuwa akija kununua maua, anapanda. Mara anashuka tena, eti kasahau ndimu. Mara ya tatu nikamwambia, 'Mzee, kumbukumbu imekwisha?' Akaniambia, 'Nyamaza, binti yangu. Lifti ile ni tamu sana. Usimwambie mama yenu, atasema nimekuwa mtoto.'"

"Lifti?"

"Lifti, Mama. Alisema baba yake alimnyima baiskeli."

Mama Kanakavalli alicheka, mwanzo kwa adabu, kisha bila adabu yoyote, hata katibu akageuka kutazama. Kwa kuwa kunguru alikwisha kula na njaa ilikuwa haki yake, akaketi kwenye kizingiti cha Kanniyamma, akafungua chombo chake, akaanza kula mbele ya madereva wote.

"Mama, hapa?" aliuliza katibu, leso ikiwa puani.

"Hapa hapa," alisema Mama, kinywa kimejaa. "Kanni, lete maji. Halafu niambie, alikuwa akibonyeza kitufe mwenyewe au alimwachia mlinzi?"