Divai ya Zulema Iliyosimamisha Trekta

Saa tatu asubuhi, theluji ya milima ya Andes inang'aa, lakini shambani huku chini, katika mji mdogo wa La Consulta, ardhi bado imeganda. Zulema Guaquinchay (61) anapogoa mizabibu, mvuke ukimtoka mdomoni. Mkono wa kushoto amevaa glavu, wa kulia hana.

"Nikivaa siusikii mti," anasema.

Kipande hiki cha mizabibu mikongwe ya malbeki, zabibu nyeusi za divai, kilikuwa king'olewe mwezi huu. Mwenye shamba, Don Renzo Bassotti, alishakodi trekta apande vitunguu saumu, maana kwenye ardhi hii ya mawe zabibu huzaa kidogo mno. Zulema amekitunza tangu alipoolewa, kwa malipo ya sehemu ya mavuno.

"Mwaka mbaya tunakula viazi," anacheka. "Mwaka mzuri, viazi na nyama."

Huu ulikuwa mbaya. Februari ilinyesha mvua ya mawe. Zulema alikimbilia uani kuchora msalaba wa chumvi wa kuifukuza, kama tufanyavyo wote hapa. "Lakini siku hiyo Mungu naye alikuwa amelala usingizi wa mchana."

Vilibaki vichala vichache vya zabibu. Lori la kiwanda cha divai likawa linakuja kesho, kesho, hadi Aprili na baridi yake. Don Renzo akachoka: "Chukua wewe, utengeneze siki." Zulema na mumewe, Ciriaco, wakazikanyaga kwa miguu na kujaza pipa moja la divai.

Jumapili iliyopita Don Renzo alikuja kula nyama choma na kutaja siku ya trekta. Ciriaco alipomimina, bosi akanyoosha mkono kwenye maji ya soda. Divai ya nyumbani huku hatuinywi bila kuizamisha kwenye soda.

Zulema akaishika chupa ya soda. "Bosi, leo usiweke."

"Kwani divai yako inaogopa maji?"

"Onja kwanza. Baada ya hapo hata ukitaka kunawia mikono, shauri yako."

Akaonja. Akaonja tena. Nyama ikaungua bila mtu kuigeuza.

Mwandishi wa makala haya alikuwepo, naye akaonja. Kwetu dumu la divai halikuwahi kukosekana chini ya meza, lakini sikujua kwamba zabibu zetu zinaweza kufanya hivi. Ilianza na plamu mbivu, ikaja harufu ya mawe yaliyolowa, na nilipokwisha kumeza ilikuwa bado ipo. Nilivua kofia, na sioni haya kusema.

"Umetia nini humu?" Don Renzo aliuliza.

"Zabibu zako, bosi. Hizo unazotaka kung'oa."

Trekta imeambiwa isubiri. "Mwaka mmoja, Zulema," bosi alisema akiaga. "Ukinirudishia ladha hii, mizabibu inabaki."

Hapo ndipo usingizi unapomruka Zulema. "Sijui nilifanyaje! Ni mawe? Ni baridi? Ni lile lori la mwendo wa kobe? Ilikuja yenyewe, mwanangu. Mimi nilikuwepo tu."

Hata hivyo amekwisha kuanza. Penye pengo la mzabibu uliokufa anachimba shimo, anainamisha tawi refu la mzabibu wa jirani bila kulikata, analifukia liote mizizi, ncha inachungulia upande wa pili. Tawi hilo litazaa vizuri baada ya miaka mitatu. Yeye amepewa mmoja.

"Wee mama, unampandia nani?" Ciriaco anapaza sauti kutoka kwenye mfereji.

Zulema hageuki. "Atakayekunywa. Lete jembe."