Neno Kama Lilivyotamkwa

Mpiga pasi wa hospitali yetu ana mikono mipana yenye makovu madogo ya moto, na kila shuka analokunja hulipapasa kwanza, asije akaacha mkunjo wa kumuumiza mgonjwa mgongoni. Huongea polepole. Ukimkatiza, hukusubiri umalize, kisha huendelea pale pale alipoachia. Siku msimamizi wetu alipomwita nyani mbele yetu, kiliitishwa kikao, na mimi, Mzungu na rafiki wa huyu mpiga pasi mweusi kwa miaka sita, ndimi niliyeandika muhtasari. Niliandika "kutoelewana kidogo." Nilidhani namsitiri rafiki yangu. Aliisoma karatasi, akanirudishia. "Dada, hapa umemsitiri nani?" Machozi yakanilengalenga, na wenzetu wakaanza kunibembeleza mimi. Yeye alibaki amesimama. "Pole yako nitaipokea kesho. Leo liandike neno kama lilivyotamkwa, na jina la aliyelitamka." Msimamizi akasema tusikuze mambo. "Hayakukuzwa," akamjibu, "yalizaliwa makubwa." Nikayafuta maneno yangu, nikaandika upya. Akanitaka nisome kwa sauti, nikasoma, naye akanitazama mpaka nikafika kwenye nukta. Ndipo akasema, "Sasa mpe msimamizi atie sahihi."