Harusi Kumi na Moja Ndani ya Kompyuta ya Shule

Shuleni walimwita Bi Taipu, jina alilopewa enzi za taipureta, na hata kompyuta ilipoletwa hakuna aliyekumbuka kumvua. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa karani wa shule ile ya msingi. Barua, ripoti, orodha za wanafunzi, mitihani, vyote vilipita mikononi mwake. Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, na tabia zake alizijua zote. Ukiiwasha unakwenda kufagia ofisi. Ukirudi, ndiyo kwanza inajinyoosha.

Alhamisi hiyo, saa nne asubuhi, alikuwa anamalizia mtihani wa hesabu wa darasa la mwisho, wa kufanywa kesho yake. Kurasa nane, zenye pembetatu na duara zilizomtoa jasho. Alipobonyeza kuhifadhi, kikajitokeza kisanduku: diski imejaa. Akabonyeza tena. Imejaa. Mara ya tatu akabonyeza kwa nguvu, kana kwamba mashine ingeogopa kidole.

"Sasa nikuhifadhi wapi, kichwani?" aliiuliza.

Akajaribu kuchapa bila kuhifadhi. Printa ikanguruma kidogo, ikanyamaza. Nayo ilitaka nafasi. Flashi hakuwa nayo. Mwalimu mkuu alizipiga marufuku ofisini humo tangu kirusi kilipokula ripoti za muhula mzima.

Ikabidi afute. Alianza na vya kwake, kwa sababu ndivyo alivyokuwa na uhakika navyo: barua za miaka kumi, ratiba za zamani, mialiko ya vikao ambavyo waliohudhuria wengine wameshastaafu. Alifuta saa nzima, huku roho ikimuuma kila anapokumbuka usiku wa macho aliotumia kuandika baadhi yake. Alipomaliza akatazama. Nafasi haikuongezeka hata chembe.

"Umemwaga pipa la taka?" aliuliza mwalimu wa hesabu, aliyekuja kuulizia mtihani wake na kusimama mlangoni na chaki mkononi. "Ukifuta, vinakwenda pipani tu. Bado vimo ndani."

Bi Taipu akamwaga pipa. Ikapatikana nafasi ya kutosha wimbo mmoja.

"Barua hazina uzito, Mama," alisema yule mwalimu kwa upole wa kuudhi. "Barua zako zote za maisha hazifiki video moja. Zipange faili kwa ukubwa, mkubwa atajitokeza mwenyewe."

"Na wewe ulikuwa wapi saa nzima?"

"Darasani, Mama."

Akazipanga. Mashine ikafikiri, ikafikiri, feni ikilia kama jiko la mafuta ya taa. Kisha zikapangika juu kabisa, moja chini ya nyingine: "Harusi". "Harusi mpya". "Harusi nzuri". "Harusi ya kubaki". Bi Taipu akahesabu. Kumi na moja. Zote zilikuwa kwenye folda ya mwalimu mkuu, mama yule yule aliyebandika ukutani, kwa wino mwekundu, tangazo kwamba kompyuta hiyo ni ya kazi za shule tu.

Mwalimu wa hesabu akalisoma tangazo, akaisoma skrini, akakumbuka ana kipindi. Akatoweka.

Saa sita ilikuwa inakaribia. Fundi wa kudurufu alikuwa akifunga chumba chake, ng'ambo ya uwanja, saa saba, na hakuwa mtu wa kubembelezwa. Bi Taipu akapiga moyo konde, akabisha mlango wa pili, wa mwalimu mkuu.

"Mkuu, samahani. Kompyuta imejaa, mtihani hauhifadhiki. Kuna video za harusi."

"Za nani? Nimesema mara ngapi kuhusu mambo ya nyumbani?"

"Ni za binti yako, Mkuu. Zipo kumi na moja."

Mwalimu mkuu alivua miwani, akaivaa tena. "Niliweka moja."

Walikwenda kutazama pamoja. Ukweli ukajitokeza polepole: kila alipotaka kuitazama, mama huyo aliinakili upya, asije akaiharibu ile ya kwanza. Bi Taipu akashukuru Mungu kimoyomoyo kwamba binti ni mmoja.

"Basi tubakize moja, kumi nizifute."

"Ngoja kwanza. Nyingine zilikatika katikati. Lazima tujue ipi nzima."

Ya kwanza ilikatika kwenye hotuba. Ya pili haikufunguka. Ya tatu ikaenda vizuri. Mwalimu mkuu akavuta kiti, akaanza kutabasamu. "Huyu shangazi yangu, tazama anavyocheza. Mgonjwa wa magoti huyu!" Bi Taipu akatazama saa ya ukutani. Saa sita na nusu. "Unaweza kurukia mwisho, Mkuu," alisema. "Nitarukia. Keki kwanza." Keki ikakatwa. Wakalishana. Saa saba kasorobo. "Sasa zawadi," alisema mwalimu mkuu, mkono juu ya kipanya, na kitu kikakatika kifuani mwa Bi Taipu.

"Mkuu, harusi imekwisha! Wameshaoana! Watoto wana mtihani kesho!"

Katika miaka kumi na tisa hakuwahi kumpandishia mtu sauti pale. Mwalimu mkuu akaisogeza video mwisho kabisa. Wageni wanaaga, taa zinazimwa. Ilikuwa nzima.

"Hii ibaki," alisema kwa sauti ndogo. "Zilizobaki futa."

Bi Taipu alifuta kumi, akamwaga pipa, akahifadhi mtihani. Kurasa nane zikatoka printani moja moja, kwa mwendo wa kukata roho. Alikimbia nazo uwanjani huku ameshika viatu mkononi, akamkuta fundi anageuza ufunguo. Wakavutana maneno. Fundi akafungua tena, akinuna.

Aliporudi ofisini, mgongo unauma na njaa imeshampita, mwalimu mkuu alikuwa bado amekaa mbele ya kompyuta.

"Umenipigia kelele, Bi Taipu."

"Ndiyo, Mkuu. Nisamehe."

"Usirudie mbele ya wazazi." Akanyanyuka, akakirudisha kiti mahali pake. "Nenda kale. Vitabu vya mahudhurio nitaviangalia mwenyewe leo."

Bi Taipu alichukua mkoba wake. Hakuwa amepoa hata kidogo, na alitembea hadi getini akisema peke yake: kumi na moja, jamani, kumi na moja!