Mtandao wa Upande wa Pili wa Ukuta

Asubuhi ile ya Juni 2004, waasi walipoingia Bukavu na risasi kuanza kulia upande wa Nguba, magari ya shirika la misaada yalitoka mtaa wa Muhumba yakiwa yamejaa wafanyakazi, masanduku, na hata mbwa wa mzungu mmoja. Maman Emérence alisimama langoni akiyatazama. Nyuma yake, katika nyumba iliyopakana na ofisi ya shirika, walikuwamo wasichana aliokuwa akiwatunza kwa niaba ya shirika hilo. Wengi walitoka Shabunda. Watu wenye bunduki walikuwa wamewaharibu, nao walikuja mjini kutibiwa. Wengine walikuwa wametoka kupasuliwa juzijuzi tu, na kutembea kwenyewe kulikuwa taabu.

Pascal, chef, yaani mkuu wa ofisi, alishusha kioo cha gari.

“Maman, mungojee ndani. Gari itarudi kuwabeba.”

“Itarudi saa ngapi?”

“Itarudi, Maman.”

Haikurudi. Alasiri, milio ilipokaribia, msichana mmoja aitwaye Bintu alisema yeye ana shangazi katika mtaa wa Kadutu na hawezi tena kungoja. Emérence alimshika mkono, akamsihi. Bintu alijichomoa, akatoka mbio. Hakuna aliyemwona tena.

Simu ilikuwa bubu tangu asubuhi. Kilichobaki ni laptopu kuukuu, ambayo Pascal alimwachia Emérence siku aliyopata mpya, ili aandikie ripoti zake. Siku ile Pascal alimweleza, kwa sauti ya mtu anayefundisha watoto, kwamba ndani ya ofisi kuna kisanduku kilichounganishwa na sahani ya setilaiti juu ya paa. Kisanduku hicho hutangaza jina lake hewani bila kuchoka, na kila laptopu iliyo karibu hulisikia na kumwonyesha mwenyewe. Lakini kusikia jina si kuingia; kuingia kunataka neno la siri.

“Na lile neno ni ya bureau, Maman. Juu ya sécurité,” alisema, akimaanisha usalama wa ofisi.

Emérence aliifungua mashine ile juu ya meza ya jikoni. Jina la shirika lilitokea, na pembeni yake mstari mmoja mwembamba, ishara kwamba mawimbi ni dhaifu. Watu walikuwa wamekimbia, lakini kisanduku chao kilikuwa bado kinajitangaza! Alilibonyeza jina akitegemea kuulizwa neno la siri. Hakuulizwa. Laptopu ilikuwa bado inalikumbuka tangu enzi za Pascal. Ikaunganika, ikakatika. Ikaunganika tena, ikakatika.

“Ni hizi mabati na hii ukuta ya mawe,” alisema kwa hasira. “Sauti yake inafika hapa imechoka.”

“Maman, musitoke!” alilia Nsimire, msichana aliyelala kwenye mkeka karibu na mlango.

Emérence alikwisha kutoka. Aliifunga laptopu ndani ya kitenge, akainama, akaambaa na ukuta mpaka pale kona ambapo mawe yaliisha na kubaki wavu wa chuma tu kati yake na ofisi. Akapiga magoti nyuma ya pipa la maji. Risasi zilipita juu zikilia kama nyuki. Mistari ikapanda, ikajaa.

Aliandika ujumbe mmoja wa barua pepe, akautuma kwa Pascal na kwa mdogo wake Rosette, aliyefanya kazi Bujumbura: tuko ndani, wagonjwa hawawezi kukimbia, Bintu amepotea, leteni gari.

Jibu la kwanza lilitoka kwa Pascal.

“Maman Emérence, nani aliwapa ruhusa ya kuingia katika rezo, mtandao ya service? Mufunge hiyo mashine mara moja. Nimeomba mafundi wa setilaiti wabadilishe mot de passe toka mbali.”

Alisoma mara mbili. Alianza kuandika, “Gari iko wapi?” lakini kabla hajatuma, muunganiko ulikatika. Jina lilikuwa palepale, mistari imejaa, na sasa mashine ikamwomba neno la siri.

“Pascal!” aliupigia ukuta kelele. “Wewe Pascal!”

“Maman, watatusikia!” Nsimire aliita kutoka ndani.

“Basikie!”

Rosette alikuwa ameusoma ujumbe. Usiku huo na asubuhi iliyofuata aliwapigia simu wakubwa wa kofia za bluu, wanajeshi wa Umoja wa Mataifa, mmoja baada ya mwingine, wakimtuma huku na kule, hadi mmoja akachoka naye. Lori lao likafika Muhumba. Wasichana walipakiwa, wengine wakibebwa kwa mablanketi, na Emérence akapanda wa mwisho.

Mji ulipotulia, Pascal alirudi na kuitisha mkutano. Alieleza kwamba adui angeweza kuingia kwenye rezo na kusoma mambo ya shirika.

Emérence alisimama. “Adui alikuwa mu barabara, Pascal. Mimi nilikuwa nyuma ya pipa.”

“Lakini, Maman, mulipona.”

“Hiyo umwambie mama ya Bintu. Njia ya Shabunda unaijua.”

Aliisukuma laptopu mezani mbele ya Pascal, akatoka, na hakurudi kazini. Kwa msaada wa Rosette alifungua nyumba nyingine huko Nyangezi, nje ya mji, ndogo, yenye shamba la maharage nyuma yake. Nsimire alimfuata huko. Bintu walimtafuta Kadutu nzima, wakauliza hospitalini, wakauliza parokiani. Hata huyo shangazi hawakumpata.

Baadhi ya Jumapili Emérence huja kusali mjini, na Pascal huwa benchi la mbele. Padri anapowaambia watu watakiane amani, Pascal hugeuka na kunyoosha mkono. Emérence huingiza mikono yake ndani ya kitenge, akaangalia altare.