Penseli ya Aili Kangas

Katika mji ule wa migodi ya chuma, kaskazini mwa Minnesota, Aili Kangas alijulikana kwa penseli yake. Kila alipomaliza kutengeneza tanuru la kupashia nyumba joto, aliandika tarehe na jina lake ubavuni mwa bati. Asiporidhika haandiki, hata umbembeleze kutwa. Baba yake, aliyemrithisha kazi, alimwachia sharti moja: usiandike jina lako kwenye tanuru ambalo mwenyewe usingethubutu kulala chumba cha juu yake. Aili alikuwa ametimiza miaka sitini na moja, na sharti hilo, lililojulikana mji mzima, hakuwahi kulivunja.

Asubuhi moja ya Januari aliitwa na Agnes Tomsich, mjane wa mchimba chuma. Tanuru lake lilikuwa likipiga kishindo hadi vikombe vinatikisika kabatini. Muuzaji mmoja wa matanuru alikuwa amepita, akachungulia dakika mbili, akatangaza kwamba chuma cha ndani kimepasuka na hewa ya sumu itavuja. Tangu hapo Leonard, mwanawe Agnes, hakuwa na neno jingine: nyumba ni ya hatari, mama ahamie kwenye makao ya wazee kabla ya Jumapili. Agnes aliingia nyumba ile akiwa bibi harusi, na hakutaka kutoka.

"Leonard yuko chini anakungoja," alimnong'oneza fundi mlangoni, Aili akikung'uta theluji viatuni. "Mwambie tanuru ni zima. Nimekuokea mkate wa kokwa za jozi."

"Mkate nitaula nikimaliza, Mama Agnes. La kusema nitalijua nikilisikiliza."

Katika chumba kilichochimbwa chini ya nyumba, lilipo tanuru, Leonard alikuwa amekunja mikono kifuani. "Fundi, mbona hata mkoba hufungui?"

"Daktari anayepasua tumbo kabla ya kuuliza linauma wapi, utampelekea mama yako?"

Leonard akasogea kando. Aili alimwomba Agnes, aliyekuwa ameshuka naye, apandishe joto kwa kitufe cha ukutani, kisha akaegesha ncha ya bisibisi kwenye bati na mpini wake kwenye mfupa wa nyuma ya sikio. Moto ukawaka: tuh. Kikapita kimya cha nusu dakika. Feni ikaanza kuzunguka, na mara bati la njia ya hewa likalia ngwaa, vumbi likawaangukia mabegani.

"Kelele ni mbili," Aili alisema. "Hiyo kubwa si ya moto. Ni hewa imekosa pa kutokea, inasukuma bati mpaka linabonyea. Mama Agnes, huko juu vyumbani umefunga matundu mangapi ya hewa ya joto?"

Agnes alichelewa kujibu. "La chumba cha Leonard, alipooa. La binti yangu Mary Ann, alipohamia mjini Duluth. La chumba cha kushonea, baba yao alipofariki. Vyumba havina watu, nimpashie nani joto?"

"Tanuru halijui nani kahama. Linasukuma hewa ya nyumba nzima."

Walipanda wakafungua matundu yote. Moja lilikuwa chini ya zulia na sanduku la nguo. Waliporudi chini, Aili akabadilisha na chujio la hewa, lililokuwa limeziba kama blanketi. Feni ilipoanza tena, bati halikulia. 

"Basi, tumemaliza," Agnes alisema. "Toa penseli."

"Bado ile kelele ndogo."

"Aili, hiyo hata haisikiki." Agnes alimvuta pembeni. "Umeshaniokoa. Usinichimbie kaburi tena mbele ya mtoto."

Wengi wangeandika. Huruma ni kisingizio kizuri cha uongo, na uongo wa namna hiyo umeua watu usingizini.

"Nikikudanganya kwa kukupenda, nina tofauti gani na muuzaji anayedanganya ili auze?" Aili alimjibu, kisha akamgeukia Leonard. "Ile tuh ni ubovu wa kweli. Vichomeo vya moto vimejaa kutu, gesi inakusanyika kabla ya kushika moto. Ikiachwa, ipo siku italipuka."

"Umesikia, mama? Si ndicho nilichosema?"

"Hukusema hicho. Wewe ulisema nyumba, mimi nimesema kutu. Shika tochi."

Alifunga gesi, akangoja chuma kipoe, akachomoa vichomeo na kusugua kila kitundu kwa burashi. Kisha akaingiza kioo kidogo ndani ya tanuru. "Nionyeshe ufa."

Leonard aliinama, akamulika kila upande, magoti yakimuuma. "Sioni."

"Hata mimi."

Aili aliwasha. Moto ulishika papo hapo, wa buluu, safu nzima, kwa sauti ya mtu anayeshusha pumzi. Alizima akawasha mara tatu, akapima hewa ya sumu, kipimo kikabaki kwenye sifuri. Agnes alisimama kwenye ngazi, ameishika aproni yake kwa mikono miwili.

Hapo ndipo penseli ilipotoka. Aili aliandika jina lake chini ya la baba yake, aliyelisimika tanuru lile mwaka 1974.

"Wewe ungelala juu yake?" Leonard aliuliza.

"Leo hii. Lakini chumba chako kina joto sasa. Lala wewe."

Leonard hakutaja tena makao ya wazee. Aliuliza fagio liko wapi, akaanza kufagia vumbi la bati. Aili alinawa mikono, akapanda jikoni, akala mkate wa jozi vipande viwili.