Ufunguo Kwenye Picha ya Mgongo wa Bibi

Mjomba alimwangusha Bibi kwenye baiskeli pale Ngamiani, mbele ya watu waliopanga foleni ya sabuni. Baiskeli ilikuwa ikienda polepole kuliko kuku mgonjwa, lakini tangu siku ile Bibi hakuweza kuinama. Mama akaapa: kama ni kuanguka kule kulikomvunja mgongo mama yake, baiskeli inauzwa. Na Mjomba bila baiskeli ya kumpeleka Kigombe kuchukua samaki angebaki kuuza maneno tu, ambayo hata bure hayachukuliki.

Tukampeleka Bibi hospitali. Mimi mjukuu ndiye mtani wake, nikamwambia, "Mke wangu, ukipigwa picha ucheke kidogo."

"Nichekee nini, na mume mwenyewe chai hunipi sukari?"

Hapo alinipata. Sukari ilikuwa imetoweka mjini, chai tunaisindikiza kwa tende, na mlalamikaji mkuu nyumbani alikuwa yeye.

Mpiga picha akamwambia avue kila chenye chuma. Akavua bangili, herini, na pini ya mtandio.

"Hakuna kingine, Bibi?"

"Hakuna, mwanangu. Nimebaki nyama."

Daktari alipoibandika picha kwenye kioo chenye taa, Mjomba alivua kofia kama anayesomewa hukumu. Pingili moja ya uti wa mgongo ilikuwa imebonyea kwa mbele, mfano wa mkate uliokaliwa.

"Kifua kikuu cha mifupa kingekula pingili mbili zilizopakana, pamoja na nafasi ya katikati," daktari akasema. "Hapa nafasi ni nzima. Na ingekuwa imevunjika juzi, kingo zingekuwa kali. Hizi zimeshalainika. Halafu tazameni mifupa yote ilivyofifia, ni uzee. Hili ni la zamani, kuanguka kumelichokoza tu. Bibi, uliwahi kuinua kitu kizito, mgongo ukalia?"

"Nilisogeza sanduku langu, Ramadhani iliyopita. Uliliaaa!"

Mjomba akavaa kofia.

"Ila hiki," daktari akaendelea, akigonga kidole chini ya pingili, "shuleni sikufundishwa."

Kiunoni mwa Bibi palielea ufunguo.

Mama akakaza macho. "Mama, si wa sanduku la uvunguni? Si ulisema mna sanda yako?"

"Ndiyo, sanda."

Nikadakia, "Sanda ya kuvunja mgongo, mke wangu? Wanakuzika na ukoo mzima?"

Daktari akageukia dirishani, mabega yakimtetemeka.

"Hiyo picha imepigwa vibaya," Bibi akasema, akanyanyuka.

Nje hakungoja mtu. Alijipandisha mwenyewe kwenye keria ya baiskeli ya Mjomba.

"Mama, mgongo!"

"Kaniambia nimevunjika kwa kuinua. Kupanda hajanikataza." Akampiga Mjomba kibao cha bega. "Kanyaga, baba, tufike kabla yao!"

Mjomba, mwenye baiskeli yake, akakanyaga. Mimi na Mama tukatimua mbio nyuma yao, ulimi wangu ukianza kuonja chai yenye sukari.